KADI ZA WACHEZAJI: MCHEZO MDOGO ULIOWARUDISHA WATOTO KWENYE KUSOMA

Mimi ni mmoja wa walimu wa kujitolea hapa kwetu Pajulu. Mwezi huu nimepewa ukurasa niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona nyumbani bila kujua ni nini. Ni vile vipande vidogo vya boksi vyenye picha ya mchezaji, ambavyo watoto wanabeba mfukoni, wanabadilishana njiani, na wengine wanalala navyo chini ya mto. Mama mmoja aliniuliza tukiwa kwenye bomba la maji, "Mwalimu, hii ni shule au ni karata?" Swali lake ni zuri. Leo nataka kulijibu, na pale tulipokosea nitasema tulikosea.

JINSI JAMBO LILIVYOANZA

Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu. Shule imefungwa, mzazi yuko shambani au yuko sokoni Arua anatafuta chakula, na kijana wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu anabaki bila kazi. Anakwenda wapi? Anakwenda kwenye kibanda cha video kuangalia mpira wa Ulaya. Kuangalia mpira si vibaya, hata mimi ninaangalia. Lakini karibu na mpira hawakosi watu wa kubeti, na mtoto anayeangalia leo, kesho anachukua pesa ya chumvi anampa kaka mkubwa amwekee. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu yeyote aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Sisi hapa tumewaona wa miaka kumi na mbili.

Katika darasa langu la kusoma la jioni kulikuwa na mvulana mmoja, jina lake sitalitaja. Alikuwa darasa la nne na hakuweza kusoma sentensi moja mpaka mwisho. Ukimpa kitabu anatazama nje. Siku moja nilimsikia akibishana na wenzake chini ya mwembe. Alikuwa anataja wachezaji wa Real Madrid kuanzia kipa mpaka mshambuliaji, na timu ambayo kila mmoja alitoka. Nilishangaa. Kumbe kichwa hiki hakina shida ya kushika mambo! Ni sisi ambao hatujampa kitu anachotaka kusoma.

Wiki ile niliomba boksi la sabuni dukani, nikakata vipande, nikabandika picha ya mchezaji kutoka gazeti la zamani, na nyuma yake nikaandika mistari mitano kwa Kiswahili chepesi. Nikamwambia, "Kadi hii ni yako siku utakaponisomea mistari hii bila kusaidiwa." Alichukua siku nne. Siku ya tano nilimkuta amefika kabla yangu, amesimama mlangoni. Akaisoma yote. Baadaye nilisikia kwamba dada yake alikuwa anamfundisha kila usiku, kwa mwanga wa taa ndogo ya sola. Kesho yake walikuja watoto sita wanataka kadi.

KADI HIZI ZIMETOKA WAPI?

Msidhani kwamba ni jambo tulilolibuni sisi. Kukusanya kadi za wachezaji kuna zaidi ya miaka mia moja. Huko Marekani na Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1800, kampuni za sigara zilikuwa zinaweka kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike. Baadaye wakaona afadhali wachapishe picha juu yake, watu wapende kununua. Wakachapisha picha za wachezaji wa besiboli na wa mpira. Watoto wakawa wanasimama nje ya maduka wanawaomba wavuta sigara wawape kadi. Baadaye sigara zikaachwa, kadi zikawekwa pamoja na bablish.

Huko Italia, katika mji wa Modena, kuna familia ya Panini ambayo ilikuwa inauza magazeti kwenye kibanda. Mwaka 1961 ndugu hao walianzisha kampuni ya kuuza picha ndogo za wachezaji, ambazo mtoto anazibandika katika albamu mpaka ijae. Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970 ndilo la kwanza walilolitengenezea albamu. Tangu hapo, kila Kombe la Dunia linapofika, watoto wa nchi nyingi wanatafuta picha zilizobaki na kubadilishana na wenzao.

Vijana wengi wameniuliza kama ni kweli kadi inaweza kumfanya mtu tajiri. Ni kweli kwamba mwezi wa nane mwaka 2022 kadi moja ya mchezaji wa besiboli, Mickey Mantle, iliyochapishwa mwaka 1952, iliuzwa Marekani kwa dola milioni 12 na laki sita. Lakini sikilizeni vizuri. Kampuni iliyochapisha kadi zile ilibaki na mabaki mengi ambayo hayakununuliwa, na mwaka 1960 ikayatupa baharini. Zile zilizobaki kwa watoto nyingi zilichanika, zilipotea, au zilitupwa na mama zao wakati wa kufagia. Ndiyo maana iliyobaki safi ikawa na bei hiyo. Kwa hiyo kijana asidanganyike kwamba kadi yake ya boksi la sabuni itamnunulia bodaboda. Kadi zetu hazina bei, na ni vizuri hivyo, kwa sababu kitu kisicho na bei hakimfanyi mtoto aibe.

TULIPOKOSEA

Mwanzo wetu haukuwa mzuri wote, na ni haki yenu wazazi kujua.

Kosa la kwanza, mtoto mmoja alikata picha kutoka kitabu cha shule alichoazimwa. Nilipomuuliza alisema, "Mwalimu, si ulisema tutafute picha?" Ni kweli, nilisema hivyo na sikueleza zaidi. Tulikwenda wote wawili kuomba msamaha, na ukurasa tukaurudisha kwa gundi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Vijana wakubwa walianzisha mchezo wa kurusha kadi juu. Ikianguka picha ikiwa juu, aliyerusha anachukua kadi ya mwenzake. Mtoto mmoja wa darasa la pili alipoteza kadi zake kumi na nne kwa siku moja. Alilia mpaka akakataa kula. Mama yake alikuja kwangu na hasira, akaniambia, "Mlitaka kuwatoa kwenye kubeti, sasa mmewaletea kubeti nyumbani." Sikuwa na jibu. Tulisimamisha kadi wiki mbili nzima.

Kosa la tatu nililionyeshwa na msichana mmoja. Tulikuwa tumetengeneza kadi kama thelathini, akazitazama zote moja moja, kisha akauliza, "Mwalimu, sisi wasichana hatuchezi?" Nilitazama mezani. Kadi zote zilikuwa za wanaume, na karibu wote wa timu za Ulaya.

Baada ya zile wiki mbili tuliwaketisha watoto wote chini ya mwembe, wakubwa na wadogo, na wao wenyewe wakatunga sheria. Ziko tano, na tumezibandika ukutani:

1. Kadi ni ya yule anayeweza kusoma nyuma yake kwa sauti.
2. Hakuna kuuza kadi kwa pesa, wala kuzicheza ili kuchukua za mwenzako.
3. Kubadilishana ni kwa kukubaliana watu wawili. Kama mmoja ni mdogo wa chini ya miaka minane, awepo mkubwa anayeshuhudia.
4. Hakuna kukata kitabu. Picha inatoka kwenye gazeti la zamani ulilopewa, au unachora mwenyewe.
5. Usiandike jambo usilolijua. Acha mstari wazi mpaka upate kuuliza.

Sheria ya tano ilitoka kwa yule mvulana wa Real Madrid. Alisema kuna mtu aliandika kwamba kipa fulani ana futi nane, na watoto wadogo wameamini.

KADI INAVYOTENGENEZWA

Mzazi, kazi hii haihitaji pesa. Unahitaji boksi la sabuni au la biskuti, wembe au mkasi, rula, kalamu, na gundi ya unga wa muhogo.

Kata kadi zenye upana wa sentimita 6 na nusu na urefu wa sentimita 9. Hicho ni karibu kipimo kilekile cha kadi za kiwandani. Upande wa boksi wenye sentimita 26 kwa 36 unatoa kadi 16 bila kutupa kitu. Mwachie mtoto apige hesabu hiyo mwenyewe kabla hajakata. Kukata kwa wembe afanye mkubwa.

Gundi unapika hivi: vijiko viwili vya unga wa muhogo, koroga kwanza na maji baridi kidogo, halafu mimina maji ya moto huku unakoroga mpaka iwe nzito na iwe inang'aa. Ikipoa unapaka nyembamba. Kadi ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, kwa sababu ikibaki na unyevu mende wataila usiku.

Mbele unaweka picha. Kama hakuna gazeti, chora. Watoto wetu wengi sasa wanapenda zaidi zile za kuchora. Nyuma unabandika karatasi nyeupe, unaandika mistari mitano: jina, alipozaliwa na mwaka, mchezo wake na nchi au timu, jambo kubwa alilofanya, na mstari wa tano ni JAMBO ALILOPITIA. Huo mstari wa tano ndio unaosomwa zaidi.

WACHEZAJI AMBAO WATOTO WETU WANAWATAFUTA

Nataka niwape mifano michache, ili mzazi naye aweze kumwuliza mtoto maswali.

Eduardo Camavinga. Alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya wakimbizi huko Cabinda, Angola, na wazazi wake ni Wakongo. Familia ilihamia Ufaransa akiwa mdogo sana. Mwaka 2013 nyumba yao katika mji wa Fougères iliungua. Mwaka 2021 alijiunga na Real Madrid, na ameshinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2022 na 2024. Kadi hii ndiyo inayotafutwa kuliko zote hapa kwetu. Yule mvulana wangu alikuwa anamjua Camavinga kwa miguu yake tu. Aliposoma kwamba alizaliwa kambini alinyamaza, kisha akaniomba nimwonyeshe Cabinda kwenye ramani.

Alphonso Davies. Wazazi wake walikimbia vita ya Liberia, naye akazaliwa mwaka 2000 katika kambi ya Buduburam, Ghana. Walipelekwa Kanada mwaka 2005. Alishinda Ligi ya Mabingwa na Bayern Munich mwaka 2020, na katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 alifunga goli la kwanza kabisa la timu ya wanaume ya Kanada katika Kombe la Dunia.

Awer Mabil. Huyu wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Alizaliwa mwaka 1995 kambini Kakuma, Kenya, akakaa huko mpaka mwaka 2006 familia ilipopelekwa Australia. Mwezi wa sita mwaka 2022 alipiga moja ya penalti zilizoitoa Peru na kuipeleka Australia Kombe la Dunia. Yeye na kaka yake walianzisha shirika la kuwapelekea viatu vya mpira watoto wa Kakuma.

Rose Nathike Lokonyen. Alikimbia Sudan Kusini akiwa mtoto, akakulia Kakuma. Mwaka 2016 Olimpiki ya Rio ilikuwa na Timu ya Wakimbizi kwa mara ya kwanza, wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini, na wawili walikuwa wanajudo Wakongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, ambao vita iliwatenganisha na familia zao wakiwa watoto. Rose ndiye aliyebeba bendera mbele ya timu hiyo, kisha akakimbia mita 800. Yule msichana aliyeniuliza swali ndiye mwenye kadi hii, na mpaka leo amekataa kuibadilisha hata kwa kadi tano.

Peruth Chemutai wa Uganda. Mwaka 2021 kule Tokyo alishinda mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 2024 Paris alirudi na fedha.

John Akii-Bua. Wazee wa Uganda wanamjua. Mwaka 1972 huko Munich alikimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, akiwa kwenye njia ya ndani kabisa ambayo wakimbiaji hawaipendi kwa sababu kona yake ni kali. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda. Lakini mwaka 1979, vita ilipofika, bingwa huyu alikimbilia Kenya na familia yake, akakaa katika kambi ya wakimbizi mpaka kampuni ya viatu ilipomsaidia kufika Ujerumani. Watoto walipokuwa wanahesabu umri wake, wote waliandika miaka 23, kwa sababu 1972 toa 1949 ni 23. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, amezaliwa mwezi wa kumi na mbili, na mbio zilikuwa mwezi wa tisa. Alikuwa bado na 22." Nilifurahi siku ile kuliko siku ya posho.

Ndaye Mulamba. Wazee wa Kongo, hapa ndipo penu. Katika Kombe la Afrika la mwaka 1974 huko Misri alifunga magoli 9 katika mechi 6. Fainali na Zambia ilichezwa mara mbili, ya kwanza 2-2, ya pili 2-0, na magoli yote manne ya Zaire aliyafunga yeye. Mwaka huohuo Zaire ilikwenda Kombe la Dunia, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Mstari wa tano wa kadi yake ni mgumu: mwaka 1994 majambazi walimvamia na kumpiga risasi mguuni wakidhani ana pesa nyingi. Akaikimbia nchi yake, na huko Cape Town alifanya kazi ya kulinda magari kwenye maegesho. Alifariki mwaka 2019. Mtoto mmoja aliuliza kama alikuwa bado bingwa wakati analinda magari. Tulizungumza juu ya swali hilo nusu saa nzima, na wengi walisema ndiyo, magoli 9 hayafutiki.

Tuko pia na kadi za karibu. Denis Onyango, kipa wa Uganda, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani mwaka 2016, na aliyekuwemo Cranes iliporudi Kombe la Afrika mwaka 2017 baada ya miaka 39. Tuko na Onduparaka, timu ya hapa hapa Arua, iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, uwanja wa Green Light ukajaa. Na vijana wa Sudan Kusini hawakubali kukosa Luol Deng, aliyekimbia na familia yake mpaka Misri, akafika Uingereza, akacheza NBA, na baadaye akawa rais wa mpira wa kikapu wa nchi yake. Timu hiyo ndiyo iliyoifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki ya mwaka 2024.

KADI YA BABA

Sasa nieleze jambo moja ambalo sikulipanga.

Siku moja mtoto wa miaka kumi na moja aliniuliza kama kadi lazima iwe ya mtu wa kwenye gazeti. Nikamwambia hapana, mchezaji ni mchezaji. Akaniambia baba yake alikuwa anacheza zamani, huko Ituri, kabla ya vita. Nikamwambia, "Basi nenda kamwulize mistari mitano."

Baba huyo wengi mnamjua kwa sura. Ni mtu wa kimya. Anaenda shambani, anarudi, anakaa mbele ya nyumba. Mambo ya Kongo haongei kabisa, hata kwa watoto wake. Mtoto aliniambia kwamba siku ya kwanza alipouliza, baba hakujibu. Siku ya pili alisema tu, "Beki wa kushoto." Siku ya tatu aliongeza rangi ya jezi. Siku ya nne alitaja majina ya wenzake wote kumi, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akasema kama yuko wapi sasa, au kama hayuko tena. Mama yake alitoka jikoni akakaa chini kusikiliza, kwa sababu hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia.

Mtoto alichora picha mwenyewe, mtu mwenye jezi ya kijani na miguu mirefu sana. Nyuma akaandika mistari mitano kwa mwandiko wake. Jumamosi iliyofuata yule baba alikuja darasani, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akachukua kadi, akaitazama muda mrefu. "Huyu njo mimi?" akauliza. Mtoto akajibu, "Ni wewe, papa." Akageuza nyuma, akasoma polepole, akasahihisha kosa moja la mwaka. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, iko nafasi ya kufundisha watoto namna ya kukaba?"

Sasa anakuja kila Jumamosi.

Sisemi kwamba kadi inaponya kila jambo. Kuna mtoto mwingine aliyetaka kutengeneza kadi ya baba yake ambaye hajulikani alipo, na mama yake aliniomba asiandike kwa sasa. Tulimheshimu. Mtoto alichora mbele tu, nyuma aliacha wazi kama sheria ya tano inavyosema. Kadi hiyo mama ndiye anayeitunza.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, usimkataze mtoto kwa kusikia tu neno kadi. Mwombe akuonyeshe, halafu mwambie akusomee nyuma. Kama wewe hukupata nafasi ya kusoma, usione haya. Mwambie, "Nisomee na mimi nijue." Mtoto atafurahi kumfundisha mzazi.

Pili, angalia sheria ya pili. Ukiona watoto wanarusha kadi kwa kuchukuliana, au ukisikia kadi imeuzwa hata kwa shilingi mia, tuambie siku ileile. Mama yule aliyekuja na hasira alitusaidia kuliko wote waliotusifu.

Tatu, weka wakati. Maji kwanza, kazi ya nyumbani kwanza, halafu kadi. Wasichana nao wapewe wakati wao, kwa sababu tumeona kaka anakwenda kubadilishana na dada anabaki anaosha vyombo. Wagawane kazi.

Nne, mabaki ya magazeti na maboksi msitupe wala msiwashie moto. Yaleteni. Wenye maduka tunawaomba pia.

Tano, wazee wetu: wewe uliyecheza mpira, uliyekimbia, uliyepigana mieleka kijijini, uliyecheza netiboli shuleni. Mjukuu akija na kalamu, usimfukuze. Mpe hata mstari mmoja.

Kwa ninyi vijana, neno langu ni fupi. Anayeijua timu yote kwa kichwa anaweza kujua na mengine. Huyo mvulana niliyewaambia mwanzoni sasa anasoma. Bado ni polepole, na maneno marefu bado yanamsumbua, nisiwadanganye. Lakini wiki iliyopita nilimkuta amemkalisha mtoto wa darasa la pili, yule aliyepoteza kadi kumi na nne, anamwonyesha herufi nyuma ya kadi. Alikuwa amemrudishia sita kutoka zake mwenyewe.

Siku ya kubadilishana ni kila Jumamosi saa nane mchana, chini ya mwembe, mvua ikinyesha tunaingia darasani. Wazazi mnakaribishwa. Ukija, uje na boksi.